Likelemba ya Pensheni

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyomsindikiza mzee wetu, Tata Kalenga, kwenye biro ya pensheni ya serikali, hapa Manika. Alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya mwanawe wa kwanza. Viatu alikuwa ameving'arisha tangu jana yake, lakini vumbi la Kolwezi lilivirudisha katika rangi yake kabla hatujafika barabara kuu. Nyuma yetu alikuja mke wake, Mama Ngoie, na nyuma ya Mama Ngoie shemeji wawili ambao hakuna aliyewaalika. Tata Kalenga alikuwa anakwenda kudai pensheni yake, na watu wa nyumbani walitaka kuishuhudia kwa macho.

Wewe unaondoka wiki ijayo kwenda kufanya kazi Zambia, na umeniuliza kama inafaa uendelee kuchangia pensheni ya hapa nyumbani ukiwa huko. Jibu langu ni ndiyo. Lakini ndiyo yangu ina habari yake, na ni afadhali uisikie kwangu mimi niliyekuwa ndani yake.

Tulikuwa watu sita. Sote tulifanya kazi katika kampuni moja ya magari ya mizigo hapa Kolwezi, na kampuni ilipofunga milango tulivuka mpaka kule Dilolo tukaingia Luau, upande wa Angola, kwenye gereji moja ya malori. Mimi nilikuwa mdogo wa wote. Mkubwa alikuwa Tata Kalenga. Alikuwa amekatwa mchango wa pensheni kwenye mshahara wake kwa miaka mingi sana, na alibakiza miaka mitatu tu kutimiza miezi inayotakiwa. Sheria inamruhusu mfanyakazi wa zamani aendelee kuchangia mwenyewe kwa hiari, hata akiwa nje: anatangaza kipato chake cha mwezi, analipa sehemu yake, na mwezi huo unaongezwa kwenye miezi yake. Akitimiza, analipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Asipotimiza, anapewa pesa kidogo mara moja, anapewa mkono wa kwaheri, basi.

Tata Kalenga aliitaka ile ya kila mwezi. Sijui kitu kingine alichokitaka duniani.

"Batoto bangu beko na batoto babo," alizoea kutuambia akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana. "Mi sitaki kulomba muntu sabuni."

Sasa, katika sisi sita alikuwako Fideli. Fideli alikuwa mchomeleaji, na rais wa kila kitu. Alikuwa rais wa kwaya, rais wa timu ya mpira, rais wa kamati ya misiba, na bila shaka rais wa likelemba yetu. Likelemba unaijua: kila mtu anatoa kiasi kilekile, mwezi huu anabeba mmoja yote, mwezi ujao mwingine, mpaka zamu inazunguka. Kwa likelemba ya Fideli watu walijenga nyumba. Haikuwahi kupotea hata faranga moja. Ndiyo maana Jumapili ile aliposimama kuzungumzia mambo ya pensheni, tulimsikiliza kama tunavyomsikiliza padri, na pengine zaidi.

"Bandugu," akasema, "kupelekea Leta, serikali yetu, makuta kidogo-kidogo ni kujizaraulisha. Muntu wa biro ataangalia ile kidogo, atacheka. Tupeleke ya bote sita kwa jina ya muntu moya. Mwezi unakuya, jina ya mwengine. Ile jina itaingia kule na nguvu! Batasimama bote."

"Na kwa mwisho?" akauliza Tata Kalenga.

"Kwa mwisho kila muntu iko sawasawa na mwenzake, Tata. Njo likelemba."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya pesa. Ilikuwa sahihi. Nikairudia. Ilikuwa sahihi tena. Hata Mama Zaina alitusifu. Mama huyu ni mfanyabiashara wa familia iliyotoka Kindu, aliyekuwa akipitisha bidhaa kati ya Kolwezi na Dilolo na kutubebea michango yetu mpaka Manika. Ada yake aliitoza kwa jina, si kwa kiasi. "Jina moya kwa mwezi?" akasema. "Sasa munaanza kuwa na akili."

Tata Kalenga tulimpa zamu ya sita, ya mwisho katika kila mzunguko. Fideli alisema ni kwa heshima: mzee ndiye atakayeihitaji pensheni mapema kuliko sisi, kwa hiyo yake iwe mbichi.

Tukaishi hivyo miaka mitatu. Na ndivyo tulivyofika ile asubuhi ya koti la harusi.

Pale dirishani alikaa mama mmoja kijana, mwenye miwani na adabu nyingi. Aliandika jina la Tata Kalenga kwenye mashine yake, akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Tata, kule Angola ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Fundi ya kamyo, mama."

"Fundi." Akasogeza miwani. "Ju hapa unaonekana ulikuwa direkta."

Tata Kalenga alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha wa kumkaribisha.

"Mwezi wa sita, direkta," yule mama akaendelea, kidole chake kikishuka taratibu. "Kisha miezi tano, hapana kazi. Mwezi wa kumi na mbili, direkta tena. Kisha miezi tano, hapana kazi. Kisha direkta." Akainua macho, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Tata, balikuwa banakufukuza kila mara?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Ngoie, ya chini kabisa.

"Direkta?"

Mwanangu, pale ndipo nilipoelewa, na nilitamani sakafu ifunguke. Mchango ni sehemu ya kipato cha mwezi huo. Ukileta michango ya watu sita kwa jina la mtu mmoja, biro inaandika kwamba mtu huyo mwezi huo alipata mshahara wa watu sita. Mwezi unaofuata jina lake halionekani, basi biro inaandika kwamba hana kazi. Fideli alisema kweli, jina liliingia kule na nguvu. Lakini biro haikuwa inahesabu nguvu. Ilikuwa inahesabu miezi. Katika miaka mitatu Tata Kalenga alikuwa direkta mara sita, na mara sita ni miezi sita.

"Zimebakia ngapi?" akauliza.

"Miaka mbili na nusu, Tata."

Niliomba zile pesa zitawanywe kwenye miezi iliyokuwa mitupu. Yule mama alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akakaa huko kwa muda, akarudi na jibu. Mwezi uliofungwa haufunguliwi. Siku ya kupiga hesabu ya malipo, ile mishahara mikubwa itamsaidia Tata kidogo, lakini kwanza miezi itimie. Tata Kalenga alimshukuru, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, tukatoka.

Nje, Mama Ngoie alikuwa na shauri lingine kabisa.

"Kalenga. Ile makuta ya udirekta iliendaka wapi?"

"Hapakuwa udirekta, mama."

"Leta inabongopa?"

"Haibongopi."

"Basi iko wapi? Sisi huku tulikuwa tunakula matembele, na weye direkta?"

Shemeji mmoja akakohoa, akamgeukia Tata. "Yaya, mi sikutaka kusema, lakini vile unaona mabati ya nyumba yangu..."

"Ndege ile!" Tata Kalenga akapaza sauti, akimwonyesha kunguru juu ya ukuta. "Ile njo direkta! Muulize yeye!"

Haikusaidia. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba Tata Kalenga alikuwa mkubwa Angola na alikuwa amejificha ndani ya ovaroli. Mpwa wake alileta karatasi ya karo. Wazee wawili wa kanisa walifika wakakaa, wakasifu koti, wakazungumza kwa kirefu kuhusu paa la kanisa. Jirani ambaye hakuwa amemsalimu tangu arudi alimwamkia kwa Kifaransa.

Usiku ule nilichukua maharagwe nikayapanga mezani mbele ya Mama Ngoie, mafungu sita, kisha fungu moja kubwa na nafasi tano tupu. Mama Ngoie mwenyewe yuko kwenye likelemba ya soko. Hakunihitaji nimalize. Aliyatazama maharagwe, akamtazama mume wake, na hasira ikamtoka usoni mara moja. Akauliza lile swali ambalo sisi wanaume sita, na hesabu zetu, hatukuwa tumeliuliza.

"Na akikufa mbele ya ile miezi kuisha?"

"Utapewa ile kidogo, mama," nikajibu. "Mara moya tu."

Akayakusanya maharagwe, akayarudisha kwenye sufuria.

"Basi hatakufa," akasema.

Tukampigia Fideli simu. Nilimweleza yote. Tata Kalenga akanyoosha mkono, akachukua simu. Nilijiandaa kusikia maneno makali, maana alikuwa na haki nayo.

"Fideli, mutoto yangu," akasema. "Likelemba uliiongoza muzuri. Hakuna muntu aliibiwa. Paka kintu kimoya tu: ile biro haikuwa memba."

Nimeshasoma vitabu vingi kwa juhudi yangu mwenyewe, mwanangu, na sijakuta karipio fupi kuliko hilo, wala lililonitosha kuliko hilo.

Magoti ya Tata Kalenga yalikuwa yamekwisha kwa kulala chini ya malori, hakuweza kurudi Luau, nami nilibaki naye hapa Kolwezi. Lakini mchango wa hiari unaweza kulipwa hata mtu akiwa nyumbani kwake. Sisi watano tukakubaliana: kila mmoja alipe wake, kila mwezi, kwa jina lake, kidogo kama ulivyo. Na mchango wa Tata tuuchange sisi, kila mwezi bila kuruka, kwa kipato cha fundi. Kazi yake yeye ilikuwa kubaki hai.

Ikawa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Fideli alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. "Tata, kifua? Tata, presha?" Wenzetu walituma dawa za mitishamba kutoka Luau, nyingine chungu mpaka mbuzi wa jirani alizikataa. Mama Ngoie alimkataza kupanda taxi-moto, zile pikipiki za abiria, akamkataza maji baridi, akamkataza misiba ya mbali. Mvua ikitanda upande wa Nzilo, aliitwa ndani kama kuku.

"Niliendesha kamyo mu mugodi miaka makumi mbili," aliniambia siku moja, amefungwa sweta mbili, "na hakuna muntu aliniuliza kama nimelala muzuri. Leo nikipiga chafya, simu inalia Angola."

Alilalamika, lakini alikula alichopewa. Kuna mwezi mmoja aliumwa kweli, malaria ya kumlaza, na siku zile hakuna aliyefanya mzaha. Mama Ngoie hakutoka kando ya kitanda. Nilipoingia kumwona, Tata alinishika mkono akauliza kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo: "Ya mwezi huu imelipwa?" Nikamwambia imelipwa. Akafumba macho, akalala, na asubuhi akaomba uji.

Miezi ikatimia. Tulikwenda tena Manika, safari hii bila shemeji. Tata Kalenga alisaini mahali alipoonyeshwa, na Mama Ngoie naye akaandikwa kama mke, kwamba akibaki peke yake naye ana sehemu yake. Tulipotoka, Tata aliketi kwenye ukingo wa ukuta wa biro na machozi yakamtoka. Vijana wa taxi-moto waliokuwa wakingoja abiria wakaanza kumtazama. Mama Ngoie akawageukia.

"Munaangalia nini? Hamujaona muntu anapumuzika?"

Ameshaipokea miaka sasa, na bado anaipokea.

Kwa hiyo, mwanangu, changia. Lakini kabla hujapanda gari la Zambia, pita kwenye biro ukiwa bado na karatasi zako za kazi, uwaambie unataka kuendelea kwa hiari. Nafasi hiyo ina muda wake, na ukichelewa haikungoji. Ukiwa pale, usiwaulize tu unalipa kiasi gani. Waulize wanahesabu nini. Hilo ndilo swali. Halafu lipa kila mwezi, kwa jina lako, kiasi cha kazi yako ya kweli, na usione haya kwa udogo wake, maana serikali haina shida na udogo, ina shida na mwezi usiouona. Nyumbani waeleze unachofanya, hasa mkeo utakapooa, kwa sababu pensheni ni yake pia. Na likelemba usiiache! Mimi bado nimo, na Fideli bado ni rais. Jengeni nayo, nunueni nayo, someshaneni nayo. Ni mapatano ya watu waliokaa pamoja wakakubaliana. Ambaye hakukaa nanyi, benki au bosi au serikali, ana hesabu yake, na hana kosa kwa kutoijua yenu.

Nenda salama. Mungu akupe kazi isiyokuvunja, mwili wa kuimaliza, na marafiki ambao wakikukosesha watakaa nawe mpaka jambo litengenezwe. Akurudishe kwetu ukiwa na nguvu, na siku utakayochoka, mkate wako uwe umeshaandaliwa na mikono yako mwenyewe. Amina.