Simfoni Niliyoihukumu kwa Kurasa Nne

Mwanangu, juzi uliponirudishia noti zako ukasema muziki huo hauna kitu, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, na Jumamosi niliyoyasema naikumbuka vizuri. Miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nilikuwa karani mjini, nina miaka ishirini na sita na maringo ya kutosha watu watatu.

Kila Jumamosi nilitoka kwetu Mutuini na viola yangu, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, ndani ya kasha lake mgongoni. Wauza nyama wa Dagoretti walizoea kuniuliza kama naficha mguu wa mbuzi humo ndani. Nilikuwa naenda kupiga katika okestra yetu ya kujitolea, kwenye ukumbi wa kanisa moja katikati ya jiji.

Huko alikuwako Mzee Gurdev, Kalasinga aliyestaafu biashara ya vyuma, aliyepiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni. Zamani alinunua kabati la Mzungu aliyekuwa akihama nchi, na ndani yake akakuta noti za simfoni, muziki mrefu wa okestra nzima, iliyotungwa Ujerumani karibu miaka mia mbili nyuma. Mtunzi wake hata kondakta wetu, yule aliyetuongoza kupiga, hakuwahi kumsikia. Zilikuwa karatasi za kila mpigaji peke yake. Kitabu cha kondakta, chenye sehemu zote pamoja, hakikuwamo. Mzee akaomba tuipige. Kondakta akanikabidhi mimi niichunguze, maana ndimi niliyekuwa mtunza noti.

Nilichukua karatasi ya viola nikaipiga jikoni kwa mama. Kurasa nne za noti zile zile, tum tum tum, kisha vipimo ishirini, vile vijisanduku vya mapigo, vya kunyamaza. Jumamosi hiyo nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, "Hii kitu haina kitu. Turudi kwa zile watu wanajua." Watu wakacheka, na simfoni ikaondolewa.

Mzee Gurdev hakucheka. Alinisubiri mlangoni.

"Wambui, umesoma yote?"

"Nimesoma yangu, Mzee."

"Sijauliza yako. Kuna karatasi ishirini hapo. Wewe umesoma moja, umefunga duka."

Nikajitetea kwamba bila kitabu cha kondakta hakuna awezaye kuisoma yote.

"Basi tuandike hiyo kitabu. Na tuharakishe, masikio yangu inaenda. Daktari amesema sauti ya juu ndio inatangulia. Ndege za Kileleshwa sisikii tangu mwaka jana. Hii nataka kuisikia kabla kila kitu inyamaze."

Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kumtazama. Nilikuwa nimemnyima mzee kitu asichoweza kukingoja, tena kwa kuchekesha watu.

Tukaanza. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwake Kileleshwa, tukatandaza karatasi kubwa kwenye meza ya chakula, huku mkewe akituletea chai na kutukumbusha kwamba meza ile ni ya kulia. Tulinakili kipimo kwa kipimo, sehemu zote moja chini ya nyingine. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya karatasi ya baragumu, ikabidi tuikisie kwa kuangalia wengine walichokuwa wakipiga.

Tulipofika awamu ya pili ya simfoni, niliandika wimbo mrefu wa zumari, kisha chini yake nikaandika zile tum tum zangu. Nikasimamisha kalamu. Hapakuwa na kitu kingine chini ya wimbo ule isipokuwa mimi. Ningeacha kupiga, zumari lingebaki halina pa kukanyaga.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenisukuma tena. Nilinakili hata ofisini saa ya chakula. Wenzangu waliponiambia niachane na karatasi za mchwa, nilimwambia kondakta kwamba sitagusa kitu kingine mpaka hii ipigwe. Miezi minane ikapita, tukamaliza, naye kondakta akakubali.

Siku ya kuipiga, Mzee Gurdev alikuwa ameshaacha selo, maana hakuweza tena kusikia kama iko sawa. Tulimwekea kiti karibu kabisa na sisi wa viola. Nilizipiga kurasa zangu nne kama mtu aliyepewa kazi ya maana, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya makofi nilimwendea.

"Fidla sikusikia," akasema. "Filimbi, hata kidogo."

Tumechelewa, nikajiambia. Akanishika mkono.

"Lakini wewe nimekusikia, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hizo zingine nazijua kwa kuandika. Wewe ulikuwa unaniambia tumefika wapi. Nimesikia yote, beti."

Beti kwao ni binti. Nililia palepale mbele ya watu.

Basi mwanangu, usiseme kitu hakina kitu kwa kuwa umeona ukurasa wako tu. Tafuta kurasa za wenzako, uziweke pamoja, uone wewe umesimama chini ya nani. Ikiwa umeshasema vibaya, usikae na aibu, chukua kalamu. Kitabu chetu kiko juu ya piano yangu, kwa mwandiko wangu na wa Mzee. Kisome chote, ndipo urudi tuzungumze. Mungu akulindie masikio yako, na siku utakayopiga kitu kidogo, akuwekee karibu mtu anayekihitaji.