Tairi la Mfupa wa Samaki

Nimeishi katika miji mingi, na kote huko watu wamenishangaa kwa tabia moja: natembea nikitazama chini. Wengine hudhani natafuta hela iliyodondoka. Mimi nasoma alama za matairi. Najua lori gani limepita, limebeba au limerudi tupu, na kama mwenye lori ananunua vitu vyake kwa moyo mmoja au kwa kujibana. Tabia hii niliipata Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya wakubwa kule Dar es Salaam, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa dereva wa lori la kijiji.

Barabara zetu zilikuwa mchanga mtupu. Gari likipita asubuhi, jioni bado unaisoma safari yake. Alama ya lori letu ilijulikana na kila mtu kwa kuwa haikuwa alama. Matairi yalikuwa vipara, na yalipopita ungedhani mtu amekokota gunia la mihogo kutoka Kisarawe mpaka mlangoni kwake. Msimu mmoja tairi la nyuma lilipasuka katika njia ya ndani ya kwenda Mlandizi, mvua ikatukuta hapo, na korosho za kijiji kizima zikaota ukungu chini ya turubai lililotoboka.

Baada ya hapo mwenyekiti aliitisha mkutano. Niliposimama nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza sekondari, leseni nimeipatia jeshini, na nilijiona najua mambo. Nilisema Kibaha kuna mfanyabiashara ana matairi ya nje. Bei yake ni mara mbili ya haya tunayonunua, lakini wahenga wamesema rahisi ghali.

Mzee mmoja mwenye mikorosho mingi kuliko sote akaomba nafasi. Alikuwa haamini kitu. Chumvi ya duka la ushirika aliionja kwanza kabla hajaipokea.

"Ndugu Dereva," alisema, "rahisi ghali, tumesikia. Sasa nani kakwambia kwamba ghali ni rahisi?"

Watu wakacheka. Mama mmoja wa nyuma akaongeza, "Ghali nayo ghali, baba. Tena hiyo ni ghali ya kwetu sisi."

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Siku zile kila bei ilikuwa na kivuli. Kitu kikiwa rahisi, ni kibovu au cha wizi. Kikiwa ghali, kuna mtu katikati anakula. Kuitwa kupe ilikuwa ni kumalizika. Lakini harufu ya korosho zilizooza ilikuwa bado puani mwetu, na mwishowe mikono mingi ikaunga mkono. Mimi na mwenyekiti tukaenda Kibaha tukanunua matairi manne ya magurudumu ya nyuma. Muuzaji aliyapigapiga kama mtu apigaye tikiti maji akasema, "Haya mtawarithisha wajukuu."

Kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga chini, zilichorwa kama mfupa wa samaki, uti katikati na miiba huku na huku. Siku ya kwanza watoto walifuata alama zile mchangani wakikanyaga juu yake, na watu wazima walisimama kuzitazama wakajifanya wanatazama kitu kingine. Mzee wa mikorosho yeye alikuja kila alfajiri kabla sijawasha injini, akatoa korosho moja mbichi mfukoni, yenye ganda lake, akaisokomeza katika mfereji wa kashata aone inazama kiasi gani. Halafu anairudisha mfukoni.

"Shikamoo mzee. Vipi, bado?"

"Marahaba. Leo bado," anajibu, kama daktari wa mgonjwa anayetarajiwa kufa.

Miezi ikapita korosho ikizama vilevile. Kisha siku moja, karibu na kuingia Kibaha, nikapata msumari. Fundi wa pancha wa pale Sofu alilitoa tairi, akaniambia gundi imekwisha na haijulikani itapatikana lini. Nikaliacha kwake, nikafunga kipara cha zamani, nikarudi. Nilimwambia mwenyekiti usiku uleule. Akasema hakuna neno. Dizeli nayo ikakatika, lori likakaa uani kwa mwenyekiti likiwa na matairi matatu ya samaki na kipara kimoja, kama mdomo uliong'olewa jino, na kila aliyepita aliona.

Ijumaa iliyofuata alikuja kusali kwetu muuza mkaa kutoka upande wa Marui. Mzee wa mikorosho alikuwa na kawaida ya kuwa wa kwanza kutoka msikitini, maana aliogopa kubadilishiwa viatu. Siku hiyo tulipotoka tulimkuta ameinama ngazini, ameshika katambuga za yule muuza mkaa, viatu vya mpira wa tairi, nyayo zimegeuzwa juu. Zilikuwa mpya. Na soli ya kila moja ilikuwa na mfupa wa samaki, uti na miiba, kashata zimesimama kama jana tu zimetoka dukani.

"Mwenyezi Mungu mkubwa," alisema mzee taratibu. "Tairi letu limeota miguu."

Muuza mkaa akaeleza alizinunua sokoni Kibaha, kwa mtu wa bara anayeshona viatu. Hakuelewa kwa nini watu wote wametazama upande wangu.

"Tairi liko kwa fundi," nilisema. "Mwenyekiti anajua."

Mwenyekiti alikuwa anatafuta viatu vyake. Alivitafuta muda mrefu kuliko kawaida. "Mimi niliambiwa liko kwa fundi," alisema. "Kuambiwa siyo kuona."

Sikumlaumu sana, hata leo. Tulikwenda kununua wawili, na kama kulikuwa na mwizi basi ilimfaa awe mmoja. Lakini pale ngazini nilijua kwamba niko peke yangu. Mmoja akapendekeza isomwe halbadiri, aliyeiba avimbe tumbo. Mwenyekiti akasema siasa ni siasa na halbadiri ni halbadiri, tusichanganye. Walikubaliana jambo dogo zaidi, ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi: ufunguo wa lori akae nao mzee wa mikorosho mpaka tairi lionekane kwa macho. Lisipoonekana, nisiguse lori tena, na jina langu lijulikane ni jina gani.

Jioni mama yangu aliniwekea chakula, hakukaa nami kama kawaida.

"Mwanangu, kama umeliuza niambie leo. Nijue nitapitaje kisimani kesho."

"Sijaliuza, mama."

Alinitazama usoni, halafu akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa raba zangu za shule, zimetoboka kidoleni. Nadhani raba zile zilinitetea kuliko maneno yangu, lakini siyo kabisa.

Dizeli ilipopatikana tuliondoka mimi na mzee. Alinikabidhi ufunguo nikawasha, na kila tulipopumzika aliuchomoa akautia mfuko wa kanzu. Mlandizi niliposimama kujisaidia, niliporudi nilimkuta ameukumbatia kwa mikono miwili. Nilikuwa na hasira naye, lakini zaidi nilikuwa nimeanza kumshuku yule fundi. Nilikumbuka alivyolipangusa tairi kwa kiganja kabla ya kulipokea. Mtu hapangusi tairi la mwenziwe vile bila sababu.

Kibanda chake Sofu kilikuwa kimefungwa. Jirani alikuwa mama anayekaanga maandazi.

"Kaenda msibani Mlandizi. Huenda akarudi leo."

"Kuna tairi letu kaliacha humu ndani?"

"Baba, mimi najua maandazi. Hayo ya matairi muulize mwenyewe."

Nilichungulia katika nyufa za mbao. Niliona jeki, beseni la maji, na matairi mawili vipara. La samaki halikuwemo. Mzee naye alichungulia, akakaa juu ya jiwe, akanitazama kwa muda kama mtu anayejifunza sura ili asiisahau.

"Twende kwa mshona viatu," alisema.

Mshona katambuga tulimkuta sokoni amezungukwa na soli kama muuza samaki na samaki wake. Alipojua tumetoka Kisarawe alichangamka. "Karibuni watani. Leo mtavaa viatu? Nilisikia kwenu mnatembea pekupeku mpaka harusini."

"Viatu tunavyo," alijibu mzee. "Tunatafuta gari uliloshonea."

Mshona viatu akacheka, akavuta gunia nyuma yake. Humo mlikuwa na gamba la tairi lililobaki baada ya kukatwa, mfupa wa samaki, jembamba kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ubavuni lilikuwa limepasuka mpasuko mrefu, nyuzi zimetoka nje.

"Hili limetoka lori la magogo," alisema. "Lilipasuka hapo lami wiki ile. Wenyewe walizidisha mzigo, wakanitupia. Matairi mazuri haya, yanakatika kama siagi, na kiatu chake hakiishi. Ila ubavu sijui."

Mzee akatoa korosho yake mfukoni. Aliisokomeza katika mfereji wa kipande kilichobaki. Ikazama yote.

"Hili ni changa," alisema.

Hapo ndipo nilipobanwa. Kama tairi lile lilikuwa letu, mimi mwizi. Kama halikuwa letu, basi matairi niliyoyapigania mkutanoni, kwa bei mara mbili, yanakufa yakiwa na kashata za siku ya kwanza, na mimi ni mpumbavu aliyekula korosho za kijiji bila hata kushiba. Soli ilikuwa imekwisha kukatwa, kwa hiyo tundu la msumari lisingeonekana hata lingekuwepo. Tulirudi Sofu tukakaa mbele ya kibanda kilichofungwa. Mzee alinunua maandazi, akanipa moja bila kunitazama. Nililila kwa sababu nilikuwa na njaa.

Fundi alitokea jua limeshaanza kulala, kofia ya msibani bado kichwani. Alitusalimu, akasema tusubiri, akaingia nyumba ya nyuma. Alirudi analiviringisha tairi letu, mfupa wa samaki, pancha imezibwa, limefutwa vumbi.

"Nimelala nalo chumbani siku zote hizi," alisema. "Vile vipara naviacha kibandani, hakuna wa kuviiba. Hili ukiliacha hapa asubuhi hulikuti. Mke wangu kalalamika kwa harufu ya mpira, nikamwambia vumilia, hii ni mali ya watu."

Mzee alilizunguka tairi. Aliitafuta pancha kwa kidole mpaka akaipata. Akatia korosho yake, ikazama. Kisha akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akanipa ufunguo, na kabla hatujaondoka akaniomba nimpitishe sokoni. Alishuka na raba zake kuukuu, akapanda na katambuga za mfupa wa samaki.

Njiani giza lilipoingia ndipo aliposema neno.

"Kwa hiyo yanapasuka."

"Yakizidishiwa mzigo, mzee."

"Na sisi hatuzidishi?"

Nikabadilisha gia. Tulikuwa tunazidisha kila safari, na yeye ndiye aliyekuwa akipandisha gunia la mwisho.

Ijumaa alivua viatu vyake ngazini nyayo zikitazama juu, watu wazione. Baada ya sala alisema maneno mawili tu: "Tairi lipo." Habari ya lori la magogo hakuigusa, wala mimi sikuigusa. Mwenyekiti alinishika bega akasema alijua tangu mwanzo. Mama alianza tena kukaa nami wakati wa chakula. Lakini toka hapo mzee alikuja kusimama kando ya lori kila tulipopakia, na gunia likizidi alilishusha kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakanung'unika kwamba mikorosho imempa kiburi. Yeye aliendelea kushusha. Matairi yakadumu, na kijiji kizima kikasema, unaona, kitu cha nje. Sijui kilichoyadumisha kilikuwa ile bei au yule mzee, na kwa kweli hata siku zile nilishuku jibu.

Lori halikufa kwa matairi. Lilikufa kwa gia, na vipuri havikupatikana. Lilisimama uani kwa mwenyekiti na matairi yake manne mazuri, nami nikasimama nalo kwa muda, kisha nikaona mtu hawezi kuwa dereva wa kitu kilichosimama. Nikaondoka. Nilizunguka Morogoro, Dodoma, Tabora, nikaendesha magari ya watu na kutazama chini.

Niliporudi baada ya miaka, nilishuka barabarani nikaingia njia ya kwetu kwa miguu. Mchangani mlikuwa na mfupa wa samaki. Hapa mguu wa mtoto, pale mguu mpana wa mwanamume, kila njia ndogo iliyochepuka ilikuwa nao. Uani kwa mwenyekiti wa zamani lori lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja. Niliwauliza wawili watatu nani alianza kukata. Kila mmoja alisema alikuta wengine wamekwisha kukata. Hakuna aliyetaja halbadiri.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Kizingitini palikuwa na katambuga ndogo za kike, zimechakaa kisigino kidogo tu. Niliinama nikageuza moja.

"Iweke chini hiyo," mama alisema kutoka ndani, hata hajaniona sura. "Si wewe uliyesema ni mazuri? Haya, ni mazuri. Ingia ule."