Safu ya Sauti ya Tatu

Mimi ni mtu wa maswali. Kazini wauguzi wenzangu hunikimbia wakati wa chakula, na haki siwalaumu. Kwa hivyo Jumamosi ile tulipoenda mjini Houston kutazama opera ya vichekesho, mwenye hamu kuliko wote nilikuwa mimi. Tiketi alizileta rafiki yetu wa kwaya, Mtanzania anayefanya kazi duka la dawa kule Sugar Land. Tulikuwa naye, na dada yetu Mkongomani tunayemwita Mama Mapacha, anayehudumia wazee majumbani.

Mama Mapacha alikuwa sauti ya kwanza ya kutegemewa katika kwaya yetu. Akipandisha wimbo, hata wanaosinzia nyuma waliamka. Halafu akatolewa rovu shingoni. Kidonda kilipona vizuri, lakini sauti ilishuka na haikupanda tena. Tangu hapo alikuja kila Jumapili na kitenge chake cha sare, akasimama safu ya mbele karibu yangu, akawa anafungua mdomo tu. Nilijua, kwa sababu tulisimama bega kwa bega na sikusikia kitu. Nilinyamaza. Niliogopa nikisema ataacha kwaya, na kwaya ndiyo iliyompokea alipofika hapa kutoka kambi ya wakimbizi. Ndugu wengine hana.

Basi pazia likafunguka. Akatokea mvulana mtundu, mtumishi wa tajiri mmoja mzee, kofia imekaa upande. Akaanza kuimba.

"Ai! Huyo ni mwanamke," nikanong'ona.

"Acha bwana," akasema Mtanzania.

"Tazama nyonga hizo."

"Dada, leo hupo wodini. Acha kupima watu."

Wakati wa mapumziko tulisimama ukumbini, Mtanzania akatoa chapati kwenye mkoba, maana bei za vyakula vya pale alizisoma akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimezama kwenye kijitabu tulichopewa mlangoni. Nikawaeleza: katika michezo hii, sauti nyembamba hupewa binti anayependwa. Mwanamke mwenye sauti nzito mara nyingi huvalishwa suruali akawa mvulana. Besi huwa mzee wa kudanganywa.

"Lakini kwa nini besi?" nikauliza. "Mume wangu anaimba besi."

"Ndiyo maana nimecheka vile!" akasema Mtanzania. "Nilimwona shemeji kabisa pale jukwaani."

"Na mimi ningekuwa nani?"

"Wewe? Mjakazi anayesikiliza mlangoni."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Mama Mapacha peke yake hakucheka. Chapati yake alikuwa ameishika tu.

"Na ule mwanamke wa suruali," akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "wanamuchaguaka juu ya nini? Juu ya sura?"

"Sauti," nikasema. "Suruali inafuata sauti."

"Bon. Sauti ikikuwa chini, hawamufukuze?"

"Hawamfukuzi. Ana sehemu yake, imetungwa kabisa."

Mtanzania akadakia, mdomo umejaa. "Wewe Mama Mapacha mbona ungefaa! Tangu upone umekuwa kijana mtupu."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Mapacha alimkazia macho. "Kumbe munasikiaka?"

"Tunasikia nini? Hatusikii kitu! Tangu utoke hospitali hatujasikia kitu!"

Mama Mapacha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikajiona mjinga kwa siri niliyodhani naitunza peke yangu.

Kipindi cha pili sikutazama jukwaa sana. Kila yule mvulana alipoimba, kando yangu nilisikia mvumo mdogo, wa chini, ukimfuata.

Nyumbani Pearland nilimsimulia mume wangu yote, hata habari ya mzee wa kudanganywa. Alicheka kidogo, si sana.

Kesho yake kanisani, Mama Mapacha alipita safu yangu bila kusimama. Akaenda upande wa pili, kwa sauti ya tatu. Kwetu sauti ya tatu na ya nne ni za wanaume. Hakuna aliyewahi kutunga sheria hiyo, ila hakuna mwanamke aliyewahi kusimama pale. Wanaume walikuwa na mashati meupe, yeye na kitenge chake. Wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Mwalimu wa kwaya akabaki na mkono hewani. Nilimwona Mama Mapacha akianza kurudisha mguu nyuma.

Ndipo mume wangu, pale nyuma kwenye besi, akamgonga bega jamaa wa mbele yake. "Sogea bwana," akasema. "Karibu, kijana."

Wanaume wakaangua kicheko, wakapisha. Mkono wa mwalimu ukashuka.

Sauti ilitoka kule kwa wanaume, nzito, imetulia, nikaitambua kabla ya kugeuza shingo. Zamu ya sauti ya kwanza kuingia ilifika ikapita. Wenzangu waliimba. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo tu.