Vidole Kumi vya Msuakini

"Basi kidole ni cha nani?" Rahmah aliuliza tena, na safari hii akaliweka chini bakuli la unga, ishara kwamba chakula cha mchana kimesimama mpaka jibu lipatikane.

"Yale yalikuwa maneno ya harusini, Mama Latifu."

"Harusini jana ulisimama mbele za watu, ukasema winchi ya Port Sudan ilikukata kidole, damu ikatiririka mpaka papa wakaja gatini wakapanga foleni. Watu wakacheka. Mimi nikautazama mkono wako. Vidole vyote vipo, na hicho kilichokatwa kimevaa pete niliyokununulia mimi."

"Kiliota tena."

Rahmah hakucheka, na Wahabi akajua leo mambo ni mazito.

Pale Luzira hakukuwa na kuli asiyemjua Wahabi Msuakini. Mchana alipakua magunia Port Bell, jioni aliwapakulia watu bahari. Kule Suakini, bandari kongwe jirani na Port Sudan, alisema, nyumba za mawe ya matumbawe zimeanguka zote, wamebaki paka tu, nao ukiwapa salamu wanaitikia. Wanaume wa kule wana nywele nene hivi kwamba ndege hutaga humo, na mwenyewe hana habari mpaka vifaranga waanze kulia. Maji yana chumvi kiasi kwamba anayeogelea hutoka akiwa tayari kwa kukaangwa. Kwa hadithi hizo alipewa jina, akapewa kiti cha mbele kwenye sherehe, akapewa hata Rahmah awe mkewe.

Lakini bahari yenyewe Wahabi hakuwahi kuitia mguu. Miaka yote ya ukimbizi, vita vilipowafukuza wengi Kampala, aliosha sahani katika hoteli moja ya Juba. Aliyefika baharini ni Abudu, mtoto wa Haboba Maimunah, bibi wa nyumba ya tatu. Abudu aliteremka kutoka huko ana homa, akalala kwenye mkeka nyuma ya hoteli, akawa anasimulia mpaka sauti ikamwisha. Wahabi ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemzika. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Vita vilipokwisha watu wakarudi Kampala, kila mmoja akijisifu alikokuwa. Huyu Khartoum aliendesha malori, yule aliuza dhahabu. Wahabi alipoulizwa, aliona aibu kuzitaja sahani, akasema, "Mimi nilikuwa kuli Port Sudan." Kesho yake Haboba Maimunah akaja mbio, viatu mkononi. "Kama ulikuwa Port Sudan, si ulimwona Abudu wangu?" Wahabi angesema nimemzika Juba, angeulizwa Juba alifuata nini. Akasema, "Mji ule ni mkubwa, Haboba. Hatukukutana."

Alikusudia kulirekebisha neno lile siku ileile, kabla jua halijazama. Lakini jioni bibi alirudi na birika la kahawa, akakaa chini asikilize habari za mji anamoishi mwanawe. Tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa, kahawa amejaza tangawizi, kwa kuwa Wahabi alisema kule hunywewa hivyo. Na kila Ijumaa Wahabi alilazimika kuupanua mji, aongeze mtaa hapa, soko pale, isije ikaonekana ajabu kwamba hawakukutana. Ile Port Sudan yake ilibaki kidogo tu ivuke maji iguse Makka. Usiku ilimlalia kifuani, na mitaa yake yote.

"Nitakuambia cha nani," Rahmah akasema, na sauti ikashuka. "Wakati wa vita dereva mmoja alimletea Haboba salamu. Abudu mzima, ila winchi imemla kidole cha mkono wa kushoto. Alilia, akaniambia mimi peke yangu."

Wahabi akautazama mkono wake kama kitu alichokiokota.

"Jana ulipokitaja, hakucheka. Aliinuka akaenda zake."

"Amekasirika?"

"Afadhali angekasirika. Alikuwa anatabasamu. Anaamini ulimwona mwanawe, ndipo ukakijua kisa cha kidole, na ulikuwa unamficha habari nzuri uje umfurahishe nazo. Yuko wapi Abudu, baba Latifu?"

Wahabi akaizungusha ile pete kidoleni. Rahmah akaelewa yote, akavuta ukingo wa leso akajifunika mdomo.

"Mama wa watu hajamsomea mwanawe hata Fatiha," akasema taratibu. "Mlango wake haukomewi, eti asije akafika akakuta umefungwa. Na wewe unakunywa kahawa yake."

"Leo nitamwambia."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia... nitaanza na ule mkeka. Nitasema, Haboba, Abudu hakuwa peke yake, nilikuwa nimemshika—"

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni, na harufu ya tangawizi ikatangulia kuingia.

Haboba Maimunah alikuwa amevaa nguo aliyoiweka kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akapanga vikombe, akamtazama Wahabi kwa uso wa msichana.

"Haya, mwanangu," akasema. "Anza pale penye kidole."

Wahabi akausukuma mkono wa kushoto, na vidole vyake vyote vitano, chini ya mkeka.