Muhogo Ambao Nasike Alikataa Kuung'oa

Nasike alikuwa mkaidi, na nasema hivyo kwa kumsifu. Tulikuwa wapangaji wa ploti moja huko Gatina, Kawangware, yeye akifulia watu nguo, mimi nikiuza mitumba. Nyuma ya ploti, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, alipanda mihogo aliyoitoa kwao Busia. Ilikuwa mbegu ya marehemu mamake, na baada ya yeye kuitoa, kwao ilikwisha kabisa, maana miaka hiyo ya tisini ugonjwa wa batobato uliipiga mihogo ya magharibi bila huruma.

Ugonjwa ukaja Nairobi ndani ya vijiti vyenyewe alivyokuja navyo kupanda. Majani yakaingia mabaka ya njano, yakajikunja, mashina yakadumaa. Afisa mmoja wa kilimo ambaye Nasike alimfulia nguo akamweleza wazi: hivyo ni virusi, vinasambazwa na nzi weupe wadogo, na hakuna dawa ya kunyunyiza. Lakini mmea hujitetea, alisema. Mwingine ukivamiwa huukata ugonjwa vipande ndani kwa ndani, hata majani mapya yakatoka safi. Ukiuona wa hivyo, panda vijiti vyake vya juu, na mingine yote ung'oe.

Mmoja ukafanya hivyo. Chini majani yalikuwa makunyanzi, juu kijani kitupu. Nasike alikuwa akiushika na kusema, "Mama amekataa kufa."

Sasa, kwao mgeni hung'olewa shina bora. Vijiti vyake hukauka kabla ya mvua, midhaifu ndiyo hubaki shambani, na mvua ikija, vijiti hukatwa kwa hiyo iliyobaki. Watu na heshima zao walikula mbegu nzuri, wakapanda ugonjwa, kisha wakalaumu majirani! Hilo lilikuwa likiniudhi hata mimi nisiyekuwa na shamba.

Jumapili moja akaja Wekulo, kaka mkubwa wa mumewe, seremala wa Soweto kule Kibera. Akashuka shambani, akaonyesha ule ule.

"Mama Austin, si unitolee huu? Hiyo mingine ni ya mbuzi."

"Huo hapana, shemeji. Nitakupikia ugali na omena."

"Nimetoka Kibera na miguu, halafu bibi ya ndugu yangu ananinyima muhogo?"

"Huo ni mbegu."

"Mbegu si ndiyo hiyo mingine imejaa hapa?"

"Hiyo ni ugonjwa!"

Wekulo akainama, akalishika shina. Nasike naye akalishika, mkono wake juu ya mkono wa shemeji mkubwa, jambo ambalo kwao halifanyiki. Majirani tukatoka nje. Nilikuwa na furaha, karibu nipige makofi.

"Ukikula huu, mihogo ya mama imeisha," akamwambia. "Na mimi siachilii."

Wekulo akaachilia. Akaondoka bila kula, na habari za uchoyo wa Nasike zikafika kanisani. Kina mama wakamtaka aombe msamaha. Akakataa. Akang'oa mihogo yote iliyougua, akaichoma, na mvua iliponyesha akapanda vijiti vya ule mmoja. Vichache vikatoka na mabaka, akaving'oa pia. Vingine vikamea safi.

Vilipokomaa akakata mzigo mzima, akaubeba hadi Kibera, akautua mbele ya karakana ya Wekulo.

"Panda hizi mbegu, shemeji. Na siku nikija kukutembelea, usinitolee ile mizuri. Ukinitolea, tutagombana tena."