Nyumba ya Hatua Mbili

Nyumba yetu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, ina upana wa hatua mbili. Sitii chumvi. Nikisimama katikati na kunyoosha mikono, vidole vinagusa ukuta huku na huku, na mimi si mrefu.

Hakikuwa kiwanja. Ulikuwa uchochoro uliobaki kati ya ukuta wa kanisa na nyumba ya jirani yetu, mama mmoja Mnyarwanda anayeuza nyanya. Mbuzi ndio waliokuwa wanapita humo. Lakini sisi ni watu wa Bukavu, tumezoea kujenga hata pale ambapo mtu mwenye akili zake angeshindwa kusimama. Mume wangu alipima kwa miguu, akasema, "Hapa inatosha," na mimi mjinga nikaitikia. Kuta ndefu zilikuwepo tayari, za wenyewe, tukaomba ruhusa ya kuegemeza paa juu yake. Matofali tuliyofyatua ni ya mbele na ya nyuma tu. Mlango ni mmoja, kwa sababu nyuma kuna choo cha watu wengine. Tena unafunguka kwa ndani, maana nje ni njia ya kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, na ukiufungua kwa nje utamng'oa mtu meno. Dirisha hatukuweka. Tungeliweka wapi?

Tulipokuwa wawili tuliishi vizuri. Kupishana kulikuwa mchezo wetu: mmoja anakaa ubavu, mwingine anabana tumbo, tunacheka. Kisha vita vikaingia Bukavu, na mama yangu akaja.

Tulimpa chumba cha mbele, karibu na mlango. Sisi tukabaki nyuma pamoja na cherehani yangu, na katikati tukaning'iniza pazia, ambalo sisi tunaliita rido. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali sahani moja, na kitanda cha mama mkwe mtu hakikaribii. Sasa utafanya nini katika nyumba ambamo huwezi kutoka nje bila kukisugua kitanda hicho kwa goti?

Walijitungia utaratibu wao. Mume wangu anakohoa nyuma ya rido. Mama anajifunika kitenge kichwani na kugeukia upande wa jirani. Mume wangu anapita akiwa amempa mgongo, pua yake kwenye ukuta wa kanisa. Kila siku, kwenda na kurudi. Nilikuwa nikiwatazama natamani kucheka, halafu hasira zinanipanda.

Wiki ile ile ya kwanza mama aliniambia, "Mwanangu, siku mukwe ataniona vibaya, bila nguo, mi narudia Bukavu. Hata kama iko vita." Mama yangu hatishii watu. Akisema atakwenda, jua moyoni ameshafika njiani. Nilifikiria kumtafutia chumba Lilongwe, kule Mchesi au Chinsapo, lakini mkimbizi anatakiwa akae kambini, na mama mwenyewe hakutaka kukaa mbali nami. Basi nikaishi na roho juu. Kila rido lilipotikisika nilisimamisha cherehani.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mwezi wa sita, baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Mume wangu ni mlinzi wa usiku kule Lumbadzi, mji wa jirani. Alikuwa amerudi, amelala kule nyuma. Mimi nilikwenda bombani kuchota maji. Mama akaona huo ndio wakati wa kuoga, mkwe amelala na mlango umefungwa. Akaingiza mbaula, jiko la makaa, apate joto. Hakujua kwamba hewa ya makaa huua katika chumba kilichofungwa. Kwake Bukavu jiko lilikuwa na chumba chake.

Niliporudi na ndoo kichwani nikabisha. Kimya. Nikasukuma mlango, ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagota kwenye kitu laini. Nikatia jicho. Nikaona miguu ya mama yangu. Beseni limepinduka. Na mbaula, makaa yamewaka mekundu, iko shubiri moja tu kutoka kichwani pake. Harufu ya makaa ikanipiga usoni.

"Mama!"

"Nimeanguka," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye usingizi. "Muguu. Na kichwa inazunguka."

Nikasukuma tena, akapiga yowe. Mwili wake ulikuwa umejaa njia yote, kutoka kitandani mpaka ukutani, na mlango ulikuwa unamsaga mguu. Nikamwita mume wangu kwa sauti iliyotoa watu kanisani. Rido likatikisika.

"Asikuye!" mama akasema. "Niko uchi! Asikuye hapa!"

Rido likatulia. Mume wangu, mtu mzima, anayefukuza wezi kwa rungu, akasimama nyuma ya kitambaa.

"We mwanaume, umekufa?" nikamfokea. "Mutoe mama!"

"Nitamutoa namna gani?" akasema. "Ni mama."

Jirani wa nyanya akaja mbio, akasema tung'oe bati za juu. Vijana wawili wakaenda kutafuta ngazi. Ngazi! Nilimsikia mama akianza kusali kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani, neno moja, kisha kimya, kisha neno lingine. Kimya kikawa kinarefuka. Mkono wake ukasogea kuelekea kwenye mbaula, nikapiga kelele, ukasimama. Nilimchukia mume wangu wakati ule. Nilimchukia kweli, na mila zetu zote, na uchochoro ule wa mbuzi tuliouita nyumba.

"Mama?"

Hakujibu. Nikaita tena.

"Asi... kuye."

"Funga macho!" nikapiga kelele kwa mume wangu. "Chukua kitambaa, funga macho! Mama, atafunga macho, hataona kitu. Unasikia?"

"Afunge sana," mama akasema.

Nikasikia mume wangu akipekua juu ya cherehani yangu. Rido likafunguka, akatokea. Alikuwa amejifunga machoni kitambaa cha shela, nilichokuwa namshonea bibi harusi mmoja. Mkunjo mmoja tu. Mimi ni fundi, kitambaa kile nakijua: ukikiweka usoni unasoma Biblia bila shida. Sijui kama alikishika kwa haraka au alikichagua. Alikuwa amesimama kunielekea, na nilikuwa nayaona macho yake.

"Amefunga?" mama akauliza. Alikuwa ametazama bati.

"Amefunga, mama. Amefunga kabisa."

Nikaanza kumwongoza kwa sauti kubwa, kusudi mama asikie. Hatua moja. Inama. Mbaula iko kulia kwako! Lakini tayari alikuwa ameishika mpini na kuipitisha juu, akaisukuma nyuma ya rido. Kisha akanyoosha mkono kitandani, akavuta kitenge, akamfunika mama kuanzia shingoni mpaka miguuni. Kuhusu kitenge nilikuwa sijasema neno lolote. Akamwinua, akamwondoa nyuma ya mlango, nami nikaingia.

Tulimbeba mama kwenye godoro. Lilongwe, hospitalini, wakasema mfupa wa paja umevunjika, na kwamba angebaki na jiko lile kidogo tu zaidi tungemzika. Alilala huko wiki kadhaa. Mume wangu alikuwa akija mpaka getini, hakuingia wodini.

Siku aliyorudi nyumbani alikaa kitandani kwake, mfuko wa nguo juu ya magoti, magongo pembeni. Nikataka kuupokea mfuko, akaukaza.

"Muulize mukwe," akasema. "Muulize kama aliniona."

Mume wangu alikuwa nyuma ya rido, hatua mbili kutoka hapo. Alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama, si alifunga..."

"Sikuulizi wewe."

Lazima nieleze: mume wangu hasemi uongo. Si sifa, ni ugonjwa. Amewahi kumwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri hayakueleweka. Amewahi kumwambia mteja wangu, nguo ikiwa mwilini, kwamba bega moja limepanda. Nilijua atasema. Nikautazama ule mfuko, nikaiona barabara yote ya kurudi Bukavu, na mama yangu juu ya magongo yake.

"Papa," nikamwambia mume wangu, "mama anauliza kama ulimuona."

"Mama," akasema hatimaye, "mi sikuona kitu."

"Hata kidogo?"

"Giza tu, mama."

Mama akafungua mfuko, akatoa vitenge vyake kimoja kimoja, akaniuliza kama nina msumari wa kuvitundikia.

Nikaenda nyuma ya rido. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja. Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kuusikia kinywani mwake. Nikakaa karibu naye, magoti yetu yakigusa ukuta, nikalia bila kutoa sauti, maana katika nyumba ile kila kitu kinasikika.