Kapteni wa Kupigiwa Kura

Lemuel Stroud alikuwa fundi wa matandiko ya farasi pale Harlan Fork, Indiana, na ukapteni aliupata kwa kura. Vita vya Kaskazini na Kusini huko Marekani vilipoanza, vijana wa kijiji walijiandikisha kwa hiari upande wa Kaskazini, wakakusanyika uwanjani, wakanyoosha mikono, basi, Lemuel kapteni. Jamani, kumchagua mtu akupe amri! Tena kila kijiji kilifanya hivyohivyo, na hakuna aliyeona kichekesho.

Balaa lilianzia hapo. Ukimwamuru mtu aliyekuchagua, anakutazama kama umemkosea adabu. Walimwita Lem tu, hata mbele ya makanali. Akisema gwaride, wanauliza la nini. Akisema nyama isiliwe yote leo, wanaimaliza, kisha kesho wanamlalamikia yeye kwamba wana njaa. Aliyewazidi wote ni Enos Pickerel, kaka wa mkewe, mwepesi wa mdomo na mzito wa mikono.

Mchana mmoja wa Aprili, huko Tennessee, ikaja habari kwamba adui yuko karibu. Lemuel akataka wachimbe handaki kabla jua halijazama. Watu wakanung'unika: wamechoka, na ardhi yenyewe mizizi mitupu.

"Shemeji, tulikuchagua utuongoze, sio utugeuze mafuko wa kuchimbachimba," akasema Enos, na kikosi kizima kikaangua kicheko. "Tupige kura."

Na huyu bwana, badala ya kumfokea, akakubali! Eti aliwaza ataishi nao vipi wakirudi nyumbani. Mikono ikanyooshwa. Waliotaka kuchimba walikuwa tisa, pamoja na yeye mwenyewe. Akatupa koleo chini, akaenda kuchemsha kahawa, amefura kwa hasira, na aliyemkasirikia zaidi ni nafsi yake.

Asubuhi Wakusini wakatoka msituni, wengi ajabu. Hapakuwa na hata tuta la kujificha. Watu kumi na wanne wa Harlan Fork walikufa kabla ya saa tatu, na Enos alikuwa wa pili kuanguka.

Lemuel alipewa ruhusa ya siku kumi, akaenda nyumbani kumweleza mama mkwe wake, Bi Keziah. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya kura na yote. Hakulia.

"Enos alikuwa mvivu tangu anatambaa," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akupigie kura wewe, mwanangu. Nilitaka awe na mtu wa kumlazimisha."

 

Aliporudi vitani, kila walipopiga kambi aliwachimbisha, bila kumuuliza mtu. Aliyegoma alifungwa kwenye gurudumu la gari la farasi kutwa nzima. Walimwita mbwa, na alisikia. Vita vilipoisha, watu thelathini na wanane walirudi naye Harlan Fork wazima wa afya, wakimchukia.